Mgeni Asiyetaja Kwao

Marwa alinipigia simu asubuhi, nikiwa napepeta mchele nje ya jiko, akasema, "Matiko ametutoka." Mungu anisamehe, kilichonishtua kwanza hakikuwa kifo. Matiko alikuwa ameugua figo kwa muda mrefu na sote tulikuwa tunaisubiri simu ya namna hiyo. Kilichonishtua ni kulisikia jina lile kinywani mwa Marwa. Tangu mwaka ule tuliokaa kijijini Nyarero hakuwahi kulitaja mbele yangu. Alikuwa akisema "yule bwana," au "yule wa Nyanungu," na siku akiamka vibaya, "yule mtakatifu wenu." Na hawa ni watu wa rika moja, waliotahiriwa msimu mmoja, ambao kwa desturi yetu Wakurya wanapaswa kula sahani moja mpaka mmoja amchimbie mwenzake kaburi. Nikamuuliza kama atakwenda Nyanungu. "Nitakosaje?" akasema. "Jembe la kwanza ni langu." Kisha akaongeza kwamba Mwalimu Bhoke naye anakuja, na anakuja na mashine yake. Nikauliza mashine ya nini msibani. "Sasa mimi nitajuaje? Si unamjua huyo mama."

Namjua. Mwaka ule nililala nyumbani kwake. Habari za kwetu naziacha, ni za kawaida, na ndugu zangu wako hai na wana midomo. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza shule, sijaitwa chuo chochote, na Mwalimu Bhoke alikuwa anatafuta macho. Yake yalikuwa yameondoka ndani ya muda mfupi, presha ya macho, kwanza pembeni, kisha katikati, mpaka mwanga wa mlangoni nao ukapotea. Alikuwa hajafika miaka hamsini, hana mume, ana darasa la sita lenye watoto wengi kuliko madawati. Alinipa chumba cha nyuma, magunia ya mahindi upande mmoja na kitanda changu upande wa pili, dirisha la mbao lisilofunga sawasawa, na harufu ya mafuta ya taa iliyokuwa imeingia mpaka kwenye shuka. Kazi yangu ilikuwa kumsindikiza shuleni akiwa ameshika kiwiko changu, kumsomea madaftari ya watoto, na kuandika alama alizotaja. Jioni tulikula ugali wa mtama na muhogo, siku nzuri kwa maziwa ya mgando, siku nyingine kwa dagaa. Hakupenda nimsogezee bakuli. "Niambie liko wapi, Ghati, nitalifuata mwenyewe," alikuwa akisema, na mimi, ambaye nina haraka tangu tumboni mwa mama yangu, nilikuwa nang'ata midomo huku mkono wake ukitambaa mezani.

Siku moja tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha ofisi ya walimu tukisubiri mvua ikatike. Ukuta wa ofisi ile haukuwa umefika kwenye bati, na mvua ilipopungua ghafla maneno ya ndani yakatufikia yote. "Ni mtu mzuri, sikatai," Mwalimu Mkuu alikuwa anasema. "Lakini anayesahihisha ni yule binti. Sasa mwalimu hapa ni nani?" Mwingine akacheka kidogo, akasema apumzike tu kwa heshima, watamfanyia sherehe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mwalimu Bhoke hakusogea. Alikunja mwavuli wake, akaufunga kamba yake taratibu, akasema kwa sauti ya chini, "Wananiaga, nami sijasema nasafiri." Kesho yake aliingia ofisini mwenyewe, mkono ukifuata ukuta, akawaambia wampime. Wakakubaliana kwamba mwisho wa muhula watakuja watu watatu kutoka wilayani, wampe kazi ya mwalimu ya kuandika na kusahihisha, aifanye peke yake, bila mimi. Akiweza, anabaki na darasa lake. Akishindwa, anakwenda nyumbani. Nilipomuuliza ataifanyaje kazi hiyo bila macho yangu, alinijibu kwamba ndiyo maana kesho tunakwenda kwa kina Matiko.

Kina Matiko walikuwa Matiko na Marwa, na kwao kulikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye mabenchi, kompyuta kubwa mbili za mezani, na rundo la kompyuta za kubeba za aina moja walizopewa na wafadhili fulani waliokuwa wanasafisha stoo zao. Matiko alikuwa mtu wa Nyanungu, mwana wa wafugaji, mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Marwa alikulia Sirari akitengeneza simu, na Kiswahili chake kilikuwa na mguu mmoja Kenya. Mashine zile zilikuja zimejaa virusi, wakazifuta zote, wakaweka mfumo wa kuendeshea uitwao huria. Maana yake, kama alivyonieleza Matiko, ni kwamba kila aliyeandika kipande chake amekiacha wazi. Ukitaka kujua kinafanyaje kazi, unafungua unasoma. Ukiona kosa, unarekebisha, na ukirekebisha unawapa wenzako. Matiko aliushika mfumo ule kama dini. Marwa aliupenda kwa sababu ulikuwa bure na haukamatwi na virusi, na kwa muda mrefu hiyo haikuleta tofauti yoyote kati yao.

Ndani ya mfumo huo kulikuwa na programu ya kuwasomea wasioona kilichopo kwenye kioo, na ilijua Kiswahili. Matiko aliiwasha kwenye kompyuta ya mezani, Mwalimu Bhoke akabonyeza herufi, na sauti ikatoka: sauti ya kiume, kavu, Kiswahili cha mtu aliyejifunza akiwa njiani kuja. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Huyu ni mgeni kabisa," akasema. "Mpeni maji." Kuanzia hapo tukaiita sauti ile Mgeni. Kwa majuma kadhaa alikwenda kituoni kila jioni, akajifunza kuandika, kufuta, kurudi nyuma, mpaka Mgeni akawa anamsomea kwa kasi ambayo mimi nilisikia mlio tu. Lakini kompyuta za mezani zilitaka umeme, na shule haikuwa na umeme. Alihitaji moja ya zile za kubeba, na zile za kubeba zilikuwa bubu. Kila mashine huwa na kadi ya sauti, na kadi hiyo inataka draiva, programu ndogo inayoufundisha mfumo jinsi ya kuzungumza na kadi. Kampuni iliyotengeneza kadi zile ilikuwa imeitoa draiva yake ikiwa imefungwa. Unaichukua, unaiweka, inafanya kazi au haifanyi. Ndani haruhusiwi mtu kutazama.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na mimi niliyekuwa nimekaa nao tangu neno la kwanza bado nashangaa jinsi ulivyopanda. "Iko kwa mtandao," Marwa alisema. "Naishusha leo, kesho mama anafanya kazi. Shida iko wapi?" Matiko alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha mashine, akaendelea kufuta. "Ng'ombe anayeingia zizini bila mwenyewe," akasema, "mwenyewe atakuja baadaye." Marwa akamuuliza kama akiwa na kiu ya maziwa huwa anamdai ng'ombe kitambulisho. Tulicheka wote isipokuwa Matiko. Jumapili iliyofuata wakaliweka jambo mbele ya wanachama wa kituo, mle mle chumbani, watu wamebanana kwenye mabenchi na mzee Nchagwa wa kanisa, aliyetunza ufunguo, amekaa mlangoni. Huko kwetu kuna ritongo, baraza ambalo kila mtu husimama akasema mbele ya wote na akaulizwa mbele ya wote. Na kuna inchama, kikao cha wazee wa mila, kinachokaa kwa siri na uamuzi wake hauhojiwi. Mtu hawataji hao hivi hivi. Matiko aliwataja. "Humu tumejenga ritongo," akasema. "Kila programu iliyomo inasema hadharani. Sasa mnataka tuikaribishe inchama ikae katikati yetu, iamue, na sisi tusiulize." "Hayo usiyaseme humu, mura," mzee Nchagwa akasema, kama mzee amwitavyo kijana, bila kupandisha sauti.

Marwa alisimama. Shingo ilikuwa imemvimba. Alisema Matiko anaongea juu ya ng'ombe na mabaraza wakati mama wa watu anafukuzwa kazi. Alisema hata mchimbaji wa dhahabu wa Nyangoto akikosa taa yake anaazima ya jirani, haanzi kuuliza betri ilitengenezwa na nani. Matiko akamjibu kwamba huyo huyo mchimbaji hanunui kiroba cha mawe kabla hakijafunguliwa mdomo. Watu wakaanza kugawanyika, huyu akipiga benchi, yule akimvuta mwenzake akae, na mimi nilikuwa upande wa Marwa kwa moyo wote, sifichi. Nilimwona Matiko mtu katili mwenye sauti nzuri. Ndipo Mwalimu Bhoke akaomba nafasi, akasimama akiwa ameshika bega langu. "Shikamooni wakubwa," akasema. "Nyinyi mnabishana juu ya kuona ndani. Mimi sioni ndani wala nje. Huyu Ghati ananivusha mto kila asubuhi na sijawahi kuiona sura yake. Namwamini kwa nini? Kwa sababu namjua ni wa nani. Akinidondosha, najua nyumba nitakayokwenda kubisha hodi. Hiyo draiva yako, Marwa, ikinidondosha nitabisha kwa nani?"

"Kwa kampuni," Marwa akasema.

"Iko wapi?"

Marwa akakaa. Mwalimu akageuza uso kule alikosikia Matiko akikohoa. "Na wewe, baba. Unataka nisubiri mpaka lini?" Matiko akasema wapo watu, huko na huko duniani, wanaojaribu kuandika draiva ya wazi kwa kadi ile ile, labda itachukua mwaka, labda miwili. "Kamati haiji mwakani," Mwalimu akasema. Nikahisi vidole vyake vikikaza begani mwangu. "Basi mgeni asiyetaja kwao ataingia, kwa sababu nje kunanyesha. Lakini mtu akikaribisha mgeni wa namna hiyo anajua mlango wa kutokea uko wapi. Mmoja wenu atanifundisha njia ya kurudi nyumbani, siku akiniacha porini." Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu, na hakuna aliyeipinga. Matiko peke yake ndiye aliyebaki amesimama. "Mkono wangu hautaigusa mashine hiyo," akasema. "Nimesema mbele ya watu. Lakini njia ya kurudi nitamfundisha, kwa mdomo." Mzee Nchagwa alitikisa kichwa, kwa sababu kwetu mtu akisema hivyo mbele ya watu, neno hilo linamfuata mpaka shimoni.

Marwa akaiweka draiva. Mgeni akahamia kwenye mashine ya kubeba, na Mwalimu akaja nayo nyumbani, akailaza mezani karibu na bakuli la ugali. Nilipaswa kufurahi. Lakini sikuzipenda jioni za somo la Matiko. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali na meza, mikono ameikalia, na akafundisha akitazama ukuta. Alimweleza kwamba mfumo una moyo wake, na kila ukisasishwa unawekewa moyo mpya, lakini ule wa zamani haufutwi, unabaki pembeni. Draiva ya wazi huandikwa upya pamoja na moyo mpya. Iliyofungwa inajua moyo ule tu ilioukuta. Ukiubadilisha, Mgeni anakuwa bubu, na dawa ni kuzima, kuwasha, na kuuchagua moyo wa zamani kwenye orodha inayotokea kidogo tu mwanzoni. Ubaya ni kwamba orodha ile hutokea kabla Mgeni hajaamka, hivyo hakuna wa kukusomea. Mwalimu Bhoke ni Msabato, mwimbaji wa kwaya, akapata njia yake. Aliwasha, akaimba moyoni ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, akabonyeza. Akikosea, Matiko alisema, "Umewahi," au, "Umechelewa," basi, na wakaanza tena.

Wakati huo huo wale wawili waliacha kula pamoja. Nakumbuka siku kituo kilipochinja mbuzi. Marwa aliandaa kichuri mwenyewe, nyama za ndani na nyongo yake, akazunguka na bakuli kama kawaida yake ya kuchekesha watu, na alipofika kwa Matiko akasimama, mkono umenyooka. Matiko akasema ameshiba. Hakuna Mkurya anayeshiba kabla ya kichuri, kila mtu pale alilijua hilo. Marwa alikaa na bakuli mkononi muda ambao ulinichosha kuutazama, kisha akampa mtu mwingine, na kuanzia hapo wakawa wanatumiana salamu kupitia kwangu. "Mwambie huyo bwana mashine ya tatu feni inapiga kelele." "Mwambie nimesikia." Nilikuwa nawapelekea maneno hatua chache ndani ya chumba kimoja, na nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Kisha ikaja Jumamosi ya kusasisha. Mtandao ulikuwa ghali, hivyo walishusha masasisho mara moja kwenye mashine moja na kuyahamishia nyingine zote kwa flashi, na walifanya hivyo siku moja kwa mashine zote. Haikuwa sheria ya kompyuta, ilikuwa yetu. Mashine zile vijana walizihesabu kuwa rika moja. Zilikuja pamoja, zilioshwa pamoja, na kumwacha mmoja nyuma wenzake wakivuka ni tusi, na wengine waliamini ni mkosi. Ya Mwalimu ilikuwa pale ikichajiwa, kwa sababu Jumamosi yeye yuko kanisani na hagusi kazi. Marwa akazipitia moja baada ya nyingine, akipiga mluzi. Alipofika kwenye ya Mwalimu mimi mwenyewe nilisikia kijana mmoja akiuliza, na hii? "Na hii ndio," Marwa akasema. "Ataachwaje mdogo wetu?" Akachomeka flashi. Matiko alikuwa dirishani. Nilimwona akigeuka, akatazama ile flashi, akafungua mdomo, akaufunga. Mimi sikuelewa nilichokiona. Jumapili jioni nilimletea Mwalimu mashine yake imejaa chaji, akaiweka ndani ya mkoba bila kuiwasha, kwa kuwa betri ilikuwa imechoka na kamati ilikuwa inakuja kesho yake.

Waliketi ofisini, wanaume wawili na mwanamke mmoja, soda zimewekwa mbele yao, Mwalimu Mkuu pembeni. Mimi niliambiwa nikae kwenye kiti cha mlangoni na nisitoe hata kikohozi. Wakachomeka flashi yao yenye insha ya mwanafunzi, wakamwambia aisome, aisahihishe, aandike maoni yake chini. Mwalimu akafungua mashine, akawasha, akakaa akisubiri Mgeni aseme karibu kama alivyozoea. Kioo kiliwaka. Mgeni hakusema. Akabonyeza herufi moja, halafu nyingine. Niliona mwanga wa kioo usoni mwake na nikajua mimi peke yangu pale ndani, ukimwondoa yeye, nini kimetokea, na ile picha ya Matiko dirishani ikanirudia nzima. Mwanamke wa kamati akauliza kwa upole kama yuko tayari. "Bado kidogo," Mwalimu akasema, akaizima.

Akaiwasha tena, akainamisha kichwa, midomo ikawa inacheza bila sauti. Mwalimu Mkuu alidhani anasali na akainamisha chake pia. Nilikuwa namfuata neno kwa neno, najua ubeti ule, najua mahali pa kubonyeza, na vidole vyake vilishuka nikaona, kabla hata hajajua, kwamba amewahi. Kioo kikawaka, kimya. Mmoja wa wanaume akasogeza kiti chake nyuma, akamtazama mwenzake kwa jicho la mtu ambaye keshamaliza. Nilitaka kusema. Nilikuwa na neno moja tu, "Umewahi," na lingemwokoa, na lingemmaliza, kwa sababu alitakiwa aweze bila mimi. Nikalimeza. Mwalimu akazima mara nyingine. Aliweka kiganja chake mgongoni mwa mashine, akasubiri feni inyamaze kabisa, akawasha, akaanza ubeti wake taratibu kuliko kwanza, na wakati huu hakubonyeza mpaka alipovuta pumzi ya kiitikio. Kisha ile sauti kavu ikajaza ofisi nzima, karibu, na yule mwanamke wa kamati akaruka kitini na kumwaga soda.

Aliisahihisha insha ile akapata makosa ambayo wao wenyewe hawakuwa wameyaona, na hawakumsumbua tena. Lakini mimi furaha yangu haikufika hata kituoni. Marwa alikuwa amekwisha kusikia, alitukuta njiani anahema, akatuongoza mpaka ndani alikokuwa Matiko. "Ulijua?" akamuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsemesha uso kwa uso. "Nilijua," Matiko akasema. "Nilikuwa nimemfundisha njia." Marwa akasema, "Ukaniona nimesahau, naua kazi ya mama wa watu, ukaninyamazia." Matiko akasema alikuwa ameapa hataigusa. "Uliapa mkono," Marwa akasema. "Nani alikuambia ulimi ni mkono?" Nilimtazama Matiko nikitaka ajibu, nikitaka hata adanganye. Akageukia dirishani. Marwa akakusanya vifaa vyake kwenye begi, akarudi Sirari siku hiyo hiyo, na kituo kikafa polepole mwaka ulipoisha.

Nimelifikiria swali lile la Marwa miaka yote hii, mvi zimenianza. Nilipokuwa binti nilijibu haraka kwamba Matiko alikuwa na kosa. Sasa sina haraka hiyo. Draiva ya Marwa ilimpa Mwalimu Bhoke darasa lake, akalifundisha mpaka akastaafu kwa wakati wake, na sherehe akafanyiwa akiwa ameitaka. Lakini Matiko alikuwa amesema kweli juu ya mwenye ng'ombe. Kampuni ile iliacha kuzitengeneza kadi zile, kisha ikafa yenyewe, na draiva ikabaki inaujua moyo mmoja tu. Mashine ya Mwalimu haikusasishwa tena hata mara moja. Wenzake wa rika walivuka, wakazeeka, wakatupwa, yake ikabaki mwaka ule ule. Haikuweza kufungua faili mpya walizomletea, haikuthubutu kuingia mtandaoni. Alipewa nyingine, akazigawa. Alisema hawezi kumwacha mgeni aliyemlaza mvua ikinyesha, na mimi nilimwona mkaidi na nikamwambia.

Nyanungu, mimi na Mwalimu tulimkuta Matiko ameshapelekwa kaburini, Marwa ndani ya shimo anapiga udongo akiwa amevaa suruali yake nzuri. Baada ya mazishi tukakaa chini ya turubai, watu wanakula wali na nyama, na Mwalimu Bhoke akamwita Marwa kwa jina, akamwambia anawe mikono aje. Mashine ilikuwa mapajani mwake, kona zimechubuka. Akatoa flashi kwenye fundo la kitenge. "Matiko aliniletea hii kabla hajalazwa," akasema. "Ni draiva ya wazi ya kadi hii. Ameiandika na watu asiowajua sura, miaka yote hiyo. Wenzake walipoacha, kwa sababu duniani hakuna tena mwenye kadi hii ila mimi, akaendelea peke yake. Nikamwambia iweke. Akasema yeye aliapa. Akasema, mpe Marwa, yeye hakuapa."

Marwa aliitazama ile flashi kiganjani mwake. Akakaa chini, akaiweka mashine juu ya kiti cha plastiki, akafanya kazi muda mrefu, watu wakikusanyika nyuma yake, udongo wa kaburi bado kwenye kucha zake. Kisha akasimamisha mkono. "Mama, lazima kwanza niitoe ile ya zamani na kubadilisha moyo. Hii ikikataa, siwezi kuirudisha ile. Hakuna mahali pa kuipata tena." Nilitaka kumwambia Mwalimu asikubali, kwamba sauti ile ndiyo macho yake, kwamba marehemu hakosi usingizi kwa jambo hili.

"Itoe," Mwalimu akasema.

Akaitoa. Akazima, akawasha. Mwalimu alikuwa amekaa mikono mitupu, midomo inacheza, nami nikajikuta naimba naye ubeti ule kimoyomoyo ingawa safari hii hapakuwa na cha kubonyeza. Kioo kikawaka. Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba nilisikia vijiko vya watu wa upande wa pili. "Karibu," Mgeni akasema. Ilikuwa sauti ile ile, kavu vile vile, na kama tusingeambiwa hakuna ambaye angejua kwamba kitu kimebadilika. Marwa aliweka mkono mdomoni, akalia waziwazi mbele ya watu.

"Iko wazi?" Mwalimu akamuuliza.

"Iko wazi, mama."

"Basi fungua, anisomee na huko ndani."

Marwa akafungua, na Mgeni akaanza kuyasoma maandishi yaliyokuwa yanamwezesha kusema, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili chake cha njiani. Mabano. Nyota. Nyota. Majina ya watu waliokiandika kipande kile, kama wafanyavyo wote wa kazi hiyo, majina ya Kizungu na ya Kihindi akiyavunja vunja, watoto wakacheka, wazee wakawanyamazisha. Kisha akasema, kwa kuburuta, akikosea mahali pa kuweka mkazo, "Ma-ti-ko. Nya-nu-ngu."

Mwalimu Bhoke aliinua kidole asimamishwe hapo.

"Sasa namjua ni wa nani," akasema.